Kufuli la Mustang lamzuia nani?

Mimi ni mtu wa pwani, wasomaji wangu mwajua. Chuo nilichosomea alifu na bee kilikuwa karibu na ufuo hata maji ya bamvua yakijaa hufika kizingitini, na maalimu hutuamuru tuinue misahafu. Basi niwieni radhi nikianza habari za mlima kwa kombe la bahari.

Kombe hilo nalilishika mkononi mwezi wa Oktoba 2024, kando ya mto Kali Gandaki, kaskazini ya Nepal, mahali penye kimo cha mita 2,800 hivi. Kwa kutazama ni jiwe jeusi la mviringo kama andazi. Ukilipasua, ndani mna alama ya mnyama wa baharini aliyejikunja kama konokono. Wahindu huliita saligram, na hulitukuza kuwa ni alama ya Vishnu. Mahujaji hutoka mbali kuja kuyatafuta mawe hayo mtoni. Wenye elimu ya miamba nao husema kwamba mahali pale palikuwa sakafu ya bahari, hata nchi ya Hindi ikaja ikasukumana na bara la Asia, yapata miaka milioni 50 iliyopita, sakafu ikainuka ikawa majabali. Ndugu yangu alinicheka. "Kaka, umevuka nchi zote hizi kuja kuokota kombe?" Nikalirudisha mtoni.

Lakini sikwenda kuokota makombe. Nilikwenda kwa sababu ya kufuli. Juu ya mto huo kuna nchi iitwayo Mustang ya Juu, wenyewe huiita Lo, nayo imepakana na Tibeti iliyo chini ya serikali ya Uchina. Mgeni haingii huko ila kwa kibali maalum. Mwaka ule tuliokwenda kibali kilikuwa dola 500 za Marekani kwa siku 10 za kwanza, na dola 50 kwa kila siku iliyozidi; tena ilikuwa lazima wageni wawe wawili kwa uchache, wafuatane na kiongozi mwenye leseni, na karatasi zipitie kwenye kampuni. Nimesoma magazetini miaka mingi sifa za nchi hiyo "iliyofungwa", na jinsi kufungwa kwake kulivyoihifadhi. Nikajiuliza, imehifadhiwa na nini, na kwa faida ya nani? Swali hili si geni kwetu sisi wa Lamu na Mombasa.

Njia ya kufika nilifunguliwa na Doha. Ndugu yangu amefanya kazi jikoni mwa hoteli huko kwa miaka 11, na mwenzake wa sufuria alikuwa kijana wa Lo aliyerudi kwao akawa kiongozi wa wageni. Wanepali wamejaa Ghuba kama walivyojaa vijana wetu, nao husafiri kwa dhiki zile zile. Kwa hivyo mimi na ndugu yangu tukawa wale wageni wawili wa sheria, na lugha yetu ya safari, mtashangaa, ikawa Kiarabu. Changu ni cha vitabu. Chake ni cha jikoni, na maalimu wangu angelikisikia angelitafuta bakora. Lakini tulifahamiana. Aliniita "dai", neno la Kinepali la kaka mkubwa, nami nikamwita "akhi".

Tuliteremka ndegeni Jomsom asubuhi mapema, kwani ikikaribia adhuhuri pepo za kusini huvuma katika lile bonde kwa nguvu hata ndege hazithubutu. Nahodha yeyote wa zamani angeliuelewa utaratibu huo. Bonde lenyewe limekaa baina ya Dhaulagiri, mlima wa mita 8,167, na Annapurna, wa mita 8,091, na mto unapita katikati kama mtu aliyechelewa sokoni. Huko Kagbeni kuna kituo cha ukaguzi. Karatasi zetu zikatazamwa mbele na nyuma, pasipoti ya Kenya ikapitishwa kwa afisa wa pili naye akaistaajabia, tukaruhusiwa. Kuanzia hapo tukawa tunakwenda kwa miguu: Chele, Samar, Ghami, Tsarang, kisha mji wenye ukuta, Lo Manthang.

Sitawachosha kwa kila kipito. Nchi ni kavu. Mvua za masika ya Hindi huzuiwa na ile milima mikubwa kusini, hivi kwamba upande wa kaskazini majabali ni mekundu, manjano na kijivu, hakuna mti ila palipo na mfereji. Katika kuta za majabali kuna mapango yaliyochongwa na mikono ya watu, hesabu yake hutajwa kuwa maelfu, na mengine yako juu kiasi ambacho hujui aliyeyachonga alipanda kwa ngazi gani. Kibla kwetu Mombasa ni kaskazini. Kule ni magharibi barabara, jua linapozama. Asubuhi nyingi maji yaliganda birikani nikatayamamu kwa vumbi, nalo vumbi la Mustang si haba.

Sasa tuingie katika lile kufuli. Wengi hudhani lilitiwa ili kuhifadhi mila. Sivyo. Lo ulikuwa ufalme mdogo wenye mfalme wake tangu enzi za Ame Pal, aliyeuasisi baina ya karne ya 14 na ya 15, ingawa baadaye ulikuwa chini ya wafalme wa Nepal. Wachina walipoitwaa Tibeti, na Dalai Lama akakimbilia Hindi mwaka 1959, wapiganaji wa Kitibeti waitwao Khampa waliweka kambi zao Mustang kuanzia mwaka 1960. Shirika la ujasusi la Marekani, CIA, likawapa silaha na fedha. Baadaye Marekani ikataka urafiki na Peking, msaada ukakatika, na mwaka 1974 jeshi la Nepal likawanyang'anya silaha, baada ya Dalai Lama mwenyewe kuwapelekea sauti yake katika kanda akiwasihi wasipigane. Kiongozi wetu alinionyesha vilima ambavyo babu yake alikuwa akiwauzia shayiri.

Kumbe basi kufuli lilikuwa la vita na mpaka. Wageni wachache waliruhusiwa, kama yule Mfaransa Michel Peissel aliyefika mwaka 1964 na kuandika kitabu, lakini mlango haukufunguliwa kwa watalii mpaka mwaka 1992. Ulipofunguliwa, kufuli halikutupwa. Lilibadilishwa kazi, likawa sanduku la ada. Hoja inayotolewa ni kwamba ada kubwa huleta wageni wachache, na wageni wachache hawaharibu. Hoja hii ina ukweli ndani yake. Lakini muulize mtu wa Lo. Wenyeji waliahidiwa kwamba sehemu kubwa ya fedha hizo itarudi kwao kwa maendeleo, na kwa miaka mingi wakalalamika kwamba zinaishia Kathmandu. Mwaka 2010 vijana wa huko walifikia kutisha kwamba wataifunga njia wenyewe, wageni wasipite kabisa. Yaani walitaka nao waushike ufunguo, japo kwa siku moja.

Nikaona jambo jingine. Kufuli linalomsimamisha mwandishi wa Kenya halimsimamishi dereva wa lori. Kuna barabara ya udongo sasa kutoka Jomsom mpaka Lo Manthang, na kutoka hapo mpaka kwenye mpaka wa Korala, kipito cha mita 4,660. Kipande cha kaskazini ndicho kilichotangulia, na bidhaa za Uchina zikaanza kushuka kabla za Hindi hazijapanda. Mpaka wenyewe ulifunguliwa rasmi kwa biashara mwezi wa Novemba 2023. Chupa za chai, mablanketi, viatu, vyote vyatoka kaskazini. Barabara hii imefuata njia ile ile ya chumvi.

Habari ya chumvi ilinigusa. Sisi chumvi yetu yatoka baharini, hapo Gongoni kila mtu huiona. Wao iliwatoka katika maziwa ya uwanda wa Tibeti, ikabebwa kwa kondoo, nyumbu na ng'ombe wa manyoya marefu waitwao yak, ikateremka kufuata Kali Gandaki, na nafaka za bondeni zikapanda kuilipa. Lo Manthang, na vijiji vyote vya chini yake, vilipata utajiri kwa kukaa mlangoni pa biashara hiyo, kama miji yetu ya pwani ilivyopata kwa kukaa mlangoni pa bahari. Mpaka ulipofungwa, na chumvi rahisi ya Hindi ilipofika, biashara ikafa. Usiku tuliolala Ghami nilitunga ubeti mmoja, nao ni huu:

Chumvi iloshuka ngazi, na nafaka ya bondeni,
Leo hazina makazi, zimelala maghalani,
Nyumbu hana tena kazi, gari lapita njiani,
Nauliza wenye enzi, ufunguo u wa nani?

Nilipojaribu kuughani mbele ya jiko la samadi, mizani 16 haikutoka kwa pumzi moja. Kila nikifika nusu ya mshororo kifua kinadai haki yake. Ndugu yangu akasema ushairi wa kwetu haukutungwa kwa mita 3,500, nami nikacheka. Nisingecheka. Kichwa kilikuwa kimekwisha anza kuniuma tangu mchana na sikumwambia mtu.

Siku zote tano za kupanda nilikuwa nikiilaani barabara. Ikipita gari, tunasimama pembeni tukimeza vumbi, na Wazungu tuliokutana nao walinong'ona kwamba nchi imeharibika, wangelifika miaka 20 iliyopita. Niliafikiana nao. Nilikuwa hata na makala kichwani, yenye maneno makali juu ya matingatinga. Kiongozi wetu alisikiliza yote bila kusema neno. Tulipokaribia Tsarang aliniambia kwa Kiarabu chake cha jikoni: "Dai, dada yangu alikufa akijifungua. Tulimbeba kwa farasi siku mbili. Wakati huo njia ilikuwa nzuri sana, haina vumbi." Hakuongeza. Nami sikuwa na la kujibu.

Lo Manthang tuliingia Alasiri. Ni mji mdogo wa matofali ya udongo, karibu mita 3,800 juu ya bahari, umezungukwa na ukuta mrefu uliopakwa rangi, na nyumba zimesongamana na vichochoro vyake ni vyembamba. Naapa ningelifumbwa macho nikafumbuliwa pale ningelidhani niko Lamu, mtaa wa Langoni, ila badala ya punda kuna farasi. Zamani lango lilikuwa moja na likifungwa usiku. Jumba la mfalme lingaliko, mfalme hayuko: Jigme Dorje Palbar Bista alivuliwa cheo mwaka 2008 Nepal ilipogeuka jamhuri, akafariki mwaka 2016, na wazee bado wakimtaja huinamisha kichwa.

Kuna mahekalu mawili makubwa ya karne ya 15, Jampa na Thubchen, kuta zake zimejaa picha za miungu na mabuda, dhahabu na rangi za mawe yaliyosagwa. Moshi na maji yalikuwa yamezila picha hizo kwa mamia ya miaka. Tangu mwisho wa miaka ya 1990 fundi wa Kitaliano aitwaye Luigi Fieni alifanya kazi huko ya kuzitengeneza, akafunza vijana wa mji wenyewe, wanaume kwa wanawake. Hapo ndipo mabishano yalipozuka, nami nayaona ni mabishano ya maana kuliko yote niliyoyasikia katika safari hiyo. Elimu ya Ulaya yasema, palipobomoka paachwe wazi, usichore usichokijua, la sivyo unaghushi. Watu wa Lo wakasema: mungu asiye na mkono, asiye na uso, haabudiwi, hii si makumbusho, ni nyumba ya ibada, mtuchoreeni. Wakachora. Wataalamu wa nchi nyingine wakapiga kelele.

Dini yangu si hiyo, na picha katika nyumba ya ibada kwetu ni jambo jingine kabisa. Lakini nilipokuwa nikitazama ule ukuta nilikumbuka mihrabu moja ya mawe katika msikiti mkongwe wa kwetu, iliyomeguka, na jinsi waumini walivyotaka kuipaka saruji wakaswali, na mtu wa mambo ya kale akawakataza. Kila mmoja alikuwa na haki yake. Tofauti ni kwamba Lo Manthang walioswali, tuseme hivyo, ndio walioshinda. Ikiwa kuna kitu kilichohifadhiwa Mustang, naona ni hicho, kwamba mwenyeji alikuwa bado na nguvu ya kusema hekalu ni lake. Na nguvu hiyo haikutokana na kibali cha dola 500.

Nguvu hiyo, hata hivyo, yaondoka na watu. Tulitembea mitaani tukahesabu milango yenye kufuli, kufuli halisi la chuma. Vijana wamekwenda Kathmandu kusoma, wengine Ghuba, wengine Marekani. Mtaalamu wa Kimarekani, Sienna Craig, alichapisha mwaka 2020 kitabu kizima juu ya jamaa za Mustang zilizogawanyika baina ya Nepal na New York. Bibi mmoja aliyetupa chai ya siagi na chumvi ana watoto wanne, na hakuna hata mmoja anayelala chini ya dari yake.

Na maji nayo yaondoka. Kijiji cha Samdzong kililazimika kuhama kwa sababu mfereji wake ulikauka na mashamba yakafa. Watu wakapewa ardhi mahali paitwapo Namashung, karibu na Lo Manthang. Kijiji cha Dhe nacho kimekuwa katika kuhama kwa sababu hiyo hiyo. Taasisi ya ICIMOD yenye makao Kathmandu ilieleza mwaka 2023 kwamba barafu ya milima hiyo, katika miaka ya 2011 hadi 2020, ilipotea kwa kasi ya asilimia 65 zaidi kuliko muongo uliotangulia. Sisi tunaoutazama Mlima Kenya ukivuliwa kilemba chake hatuhitaji kufasiriwa. Halafu, katika nchi hiyo hiyo ya ukame, mvua isiyo ya desturi huanguka kwa pigo moja: mwezi wa Agosti 2023 mafuriko ya tope yaliipiga Kagbeni yakabeba nyumba na madaraja. Dari za huko ni za udongo, bapa, zilijengwa kwa ajili ya theluji na jua. Mvua kubwa ikinyesha zinavuja.

Cha ajabu, watu hawa wana sikukuu ya siku tatu kila mwaka iitwayo Tiji, ambayo kisa chake ni cha mtoto aliyepigana na baba yake aliyekuwa shetani, kwa sababu baba alikuwa akiwanyima watu maji na kuiharibu nchi. Wageni hulipa wapate kuiona ngoma hiyo na kuipiga picha. Sijui wangapi kati yao huuliza maji yako wapi.

Usiku wa pili mjini nilianguka. Niliamka nitapike nikakuta miguu hainitii, nikayumba kama mlevi, mimi ambaye sijapata kuionja. Makosa ni yangu. Nilificha maumivu ya kichwa siku tatu kwa haya ya utu uzima. Kiongozi alinitazama mara moja tu. Akasema dawa ya maradhi ya kimo ni moja, kushuka, na kushuka ni sasa. Akamwamsha dereva. Njia niliyoipanda kwa siku tano niliishuka kwa saa chache, nimelala kiti cha nyuma kichwa mapajani mwa ndugu yangu, katika lile gari na juu ya ile barabara niliyokuwa nimezitungia makala ya matusi. Tulipofika Jomsom nilikuwa naweza kusimama.

Basi makala ile sikuiandika. Niliyo nayo ni hii. Sisemi barabara ni heri tupu. Lamu, ambayo UNESCO iliutia mji wake wa kale katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, ilifunguliwa gati ya kwanza ya bandari yake mpya mwezi wa Mei 2021, na wavuvi wetu wana yao ya kueleza. Ninalokataa ni kule kumweka mwenyeji kuwa pambo la safari ya mgeni, kwamba abaki na farasi ili sisi tupate picha isiyo na vumbi. Na nakataa vile vile kuitwa hifadhi kitu ambacho ni ushuru. Iwapo Kathmandu yataka kuendelea kutoza, na ina haki, hesabu ziwekwe wazi mbele ya vijiji: kiasi gani kimeingia, kiasi gani kimetengeneza mifereji. Mgeni aliyelipa atafurahi kujua. Mimi nililipa, sikuambiwa.

Asubuhi ya kuondoka tulikuwa uwanjani Jomsom kabla ya upepo. Lile gari lililoniteremsha lilikuwa ng'ambo ya njia likipakiwa boriti. Mama yake kiongozi yuko kijiji kimojawapo cha wale wanaohama, naye alikuwa amekataa miaka miwili kuiacha nyumba yake. Sasa amekubali, kwa sharti la kujengewa dari nzito isiyovuja. Kule juu miti haipatikani, hununuliwa chini kusini. Nilimwuliza boriti ngapi zinatosha chumba cha bibi mmoja. Akanihesabia kwa vidole, kwa Kiarabu, hata kumi na moja, kisha akanipa mkono akakimbilia kuzifunga kamba, kwani dereva alitaka kuvuka Kagbeni kabla ya adhuhuri.